Uweke, Usiweke

9 Februari

Mjukuu wangu Chiriku,

Nianze na salamu au nianze na hasira? Salamu ni fupi: wazima, goti linauma upande mmoja tu. Sasa tuingie kwenye hasira.

Lakini ujue kwanza anayeandika ni wifi yangu, Bibi Karani wako, maana mimi kalamu sijaishika tangu nizaliwe na sioni haja ya kuanza leo. Mimi nasema, yeye anaandika, kisha anaipiga picha karatasi na kukurushia. Nimemwapisha asinirekebishe. Huyu amezeeka katika ukarani wa bohari, na karani wa bohari hawezi kuona kitu bila kukipanga upya. Ameguna, ila ameandika. Simu siitaki. Kwenye simu unanijibu kabla sijamaliza, ndiyo maana tukakuita Chiriku. Kwenye barua itakubidi unyamaze mpaka mwisho.

Juzi Panzi, mtoto wa msusi wa mlango wa pili, alianguka uani kwangu. Unamjua, yule asiyetulia miguu, ambaye mama yake huniachia kutwa nzima anaposuka watu. Alikuwa anaruka kamba. Macho yakageuka, mwili ukakakamaa, kisha akaanza kutetemeka na povu linamtoka. Mama yake akaja mbio na kitana mkononi, nyuma yake mteja mwenye kichwa nusu kimesukwa. Uani pakajaa. Mmoja anasema mmwagieni maji, mwingine anasema mshikeni miguu. Mimi nikawanyamazisha wote. Nikawaambia hapa hatubahatishi, hapa tuna Kamusi, na mwenye Kamusi ni mjukuu wangu. Nikamwambia wifi afungue simu atazame Kamusi ya Chiriku inasema nini juu ya kifafa.

Akafungua. Akasoma kwa ile sauti yake ya kuhesabia magunia, kila mtu akisikia: mgonjwa akianguka, uweke kijiko kati ya meno yake asijing'ate ulimi. Nilikwenda jikoni mwenyewe. Mama yake alishika taya, mimi nikasukuma.

Panzi amevunjika jino la mbele, na si la utoto, ni lile jipya lililotoka majuzi. Fizi imechanika. Kule zahanati tabibu aliuliza ni nani aliyemtia mtoto chuma mdomoni. Akasema mtu wa kifafa hatiwi kitu chochote mdomoni. Analazwa ubavu, vitu vya kumuumiza vinasogezwa, anasubiriwa mpaka kipite. Basi.

Sasa mama Panzi hanisalimii. Jana nilipopita mlangoni kwake alimwambia mteja, kwa sauti ya kunifikia, kwamba wako watu wanasomesha wajukuu mbali ili waje kung'oa meno ya watoto wa jirani. Nilinyamaza. Wewe unanijua, unajua kunyamaza kunanitoa jasho kiasi gani.

Basi niambie, ulikuwa na akili gani siku ulipoandika yale maneno?

Bibi yako

Chiriku, hapa ni mimi Bibi Karani, bibi yako ametoka kufukuza kuku. Siku hizi hali chakula vizuri, sahani inarudi nusu. Ule ukurasa nimeurudia kuusoma mara nyingi. Maneno ni yaleyale, sikukosea. Usimwambie nimekuandikia hili.


11 Februari

Shikamoo Bibi. Shikamoo Bibi Karani.

Barua yenu niliifungua nikiwa maktaba, ikabidi nitoke nje nikae kwenye ngazi. Mpeni Panzi pole yangu, na mama yake, hata kama haitaki.

Bibi, Kamusi si yangu. Ingekuwa yangu ningekuwa na kiti kisichoyumba. Hiyo ni kamusi elezo inayokaa mtandaoni, ya kueleza kila jambo duniani, na kila lugha ina toleo lake. Wanaoiandika ni watu wa kawaida wanaojitolea, kila mmoja kwao, wala hawajuani. Mimi siandiki humo hata neno. Kazi yangu ni kulinganisha. Nachukua makala moja, tuseme ya ugonjwa fulani, naisoma kwa lugha tisa, naangalia lipi limeongezwa, lipi limeachwa, na kosa likiingia linakaa muda gani kabla hajatokea mtu wa kuliondoa. Kwa zile lugha zenye waandishi wengi, kosa halimalizi kikombe cha chai. Kwetu waandishi wanahesabika, na kosa hujenga nyumba likakaa.

Hilo la kijiko ndivyo lilivyokuwa. Katika lugha nyingine zote sentensi ile inakataza. Aliyeitafsiri kwetu aliruka "si". "Usiweke" ikawa "uweke". Ni herufi mbili tu, Bibi, na ziko vile tangu kabla sijaanza masomo haya, hakuna aliyezigusa.

Usijilaumu. Ulifanya lililoandikwa. Nitaona la kufanya.

Mjukuu wako,
Chiriku


14 Februari

Chiriku,

Wifi amenisomea barua yako mara mbili. Mara ya pili nilimsimamisha pale uliposema herufi ziko vile tangu kabla hujaanza masomo. Nikamwambia rudia hapo. Akarudia. Nikamwuliza, wifi, mtu anajuaje umri wa mtoto aliyemwona leo? Akaniambia hawezi kuujua. Nami nikasema hivyo hivyo.

Ulilijua hilo kosa kabla ya Panzi kuanguka.

Usiniandikie maneno ya chuo. Nijibu kama nilivyokufundisha kujibu ukivunja kikombe. Maana mimi ninavyolielewa jambo hili ni kwamba umepita njiani, umeona kisima kimeachwa wazi, ukakaa ukingoni ukaandika: kisima, wazi, tangu siku fulani. Ukaenda zako kutazama visima vya watu wengine. Kuna kazi ya namna hiyo duniani? Na mtu anavaa viatu asubuhi kuiendea?

Sasa sikiliza lililo baya zaidi. Mwalimu wa darasa la Panzi alipopata habari za ugonjwa, naye akafungua Kamusi. Ameuchapisha ule ukurasa, ameubandika ukutani kando ya ubao, na chini yake ametundika kijiko kwa uzi. Kijiko kipya kabisa, kinameremeta. Ni kijana mwema yule mwalimu, ametoa kijiko kwake nyumbani. Nilikwenda na wifi kumweleza. Nikamsimulia jino, nikamsimulia alivyosema tabibu. Akanisikiliza kwa heshima zote mpaka mwisho, kisha akasema:

"Bibi, haya yameandikwa. Hayo yako umeyasoma wapi?"

Mimi, wa kuulizwa nimesoma wapi. Wifi alinivuta kanga kabla sijajibu.

Anataka maandishi. Tabibu alisema kwa mdomo na sasa amehamishwa, aliyekuja badala yake hajafungua hata mlango. Mwalimu anasema siku Kamusi ikibadilika, naye atabandua. Hana ugomvi na mtu, yeye anafuata Kamusi. Kwa hiyo Panzi anakwenda shule kila asubuhi anakaa chini ya kile kijiko, kwa sababu mama yake hana pa kumwacha. Kwangu hamwachi tena.

Rekebisha. Sikuombi.

Bibi yako


17 Februari

Shikamoo Bibi,

Ndiyo, nililijua. Lipo kwenye jedwali langu, lina mstari wake na namba yake. Nililiona, nikaliandika, nikaenda kwenye mstari unaofuata. Nimekujibu kama wa kikombe.

Sasa nivumilie kidogo. Utafiti wangu unapima umri wa makosa. Ni kama nimeweka saa juu ya kila kosa nangoja watu wenyewe walione. Nikiligusa mimi, saa inasimama kwa mkono wangu na kipimo kinakuwa cha uongo. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza tuliyopewa: usiguse unachopima, mpaka mwisho wa muhula, takwimu zikishafungwa.

Baada ya barua yako nilikwenda kwa msimamizi wangu wa utafiti. Si mtu mbaya, Bibi. Aliniwekea kiti, akafunga mlango. Nilimweleza habari za jino na kijiko cha ukutani. Akasema tukianza kusahihisha sisi wenyewe, matokeo yatasema lugha yetu ina watu wa kuitunza, na itakuwa uongo. Ukweli ni kwamba haina, na ushahidi pekee wa kuonyesha ni hizo saa zangu. Zikionekana, ndipo watatafutwa watu wa kuzisoma kurasa zetu zote, si huu mmoja. Nikamwambia na mtoto je? Akasema Kamusi iko wazi kwa ulimwengu mzima, mtu yeyote anaweza kuingia akasahihisha. Yeyote isipokuwa mimi.

 Kinachoniudhi, Bibi, ni kwamba sikuona alipokosea. Nimerudi mezani, nimefungua ule ukurasa, nimeutazama mpaka macho yakaniwasha. Kitufe cha kuhariri kiko pale juu, hakina hata kufuli.

Nimekutumia karatasi niliyotafsiri mwenyewe kutoka kwenye lugha nyingine, inaeleza sawasawa la kufanya. Mpelekee mwalimu. Labda itamtosha mpaka muhula uishe.

Chiriku


21 Februari

Mjukuu wangu,

Karatasi yako mwalimu aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma, akanirudishia kwa mikono miwili. Akasema hii ni karatasi ya mjukuu wako. Na kwa kuwa mji mzima unajua mjukuu wangu ndiye aliyemng'oa Panzi jino, unaelewa uzito wake. Hilo nimejitakia. Mimi ndiye niliyetangaza mtaani kwamba Kamusi ni yako, nikashinda natembea nayo kama nguo mpya.

Lakini usiku ule, wifi aliponisomea barua yako, kuna neno lilinikaa. Mtu yeyote. Nikamwuliza wifi, mimi ni nani? Akasema wewe ni wifi yangu na unaniudhi. Nikamwuliza tena, je, mimi si mtu yeyote? Akanitazama, akavaa miwani.

Kulipokucha tukaingia. Kweli hakuna kufuli. Yeye anabonyeza, mimi nasema. Nikamwambia aandike hivi: Enyi mnaosoma hapa, msiweke kijiko wala chuma chochote mdomoni mwa mtu, mimi bibi yake Chiriku nimeweka na mtoto akavunjika jino, mlazeni ubavu mngoje, na aliyeandika uweke kwanza aweke chake mwenyewe. Wifi alisema mwishoni pamezidi. Nikamwambia andika.

Hatukumaliza hata kupeta mchele, maneno yetu yakawa hayapo, na uweke imerudi pale pale imekaa kitako. Tukaandika tena. Yakaondolewa tena. Mara ya tatu akatokea mtu anayejiita mlinzi wa kurasa, akatuachia ujumbe: acheni mzaha kwenye makala za afya. Naye wifi akamjibu. Sitakwambia alimjibu nini, maana ndiye anayeandika hapa na amegoma.

Sasa ukurasa umefungwa. Wifi akigusa unaandika: huruhusiwi. Hebu niambie kitu kimoja, Chiriku. Uongo umekaa miaka humo hakuna aliyeushtukia, na ukweli haukumaliza hata mchele mmoja kupetwa, wakauona? Mlinzi anayelala na mwizi akaamka kwa mwenye nyumba, huyo analinda nini?

Bibi yako

Nilimwambia tangu mwanzo tuongeze "si" peke yake tutoke. Hakutaka, alitaka kutoa hotuba. Kama ningekaidi tungekuwa tumemaliza. Bibi Karani.

Anadhani sikumwona anaandika hapo chini. Ni kweli alisema. Bibi.


24 Februari

Shikamoo Bibi. Shikamoo Bibi Karani.

Leo msimamizi ameniita. Alikuwa amefungua kwenye kioo kikubwa historia ya ule ukurasa, kila aliyegusa na alichogusa. Hakuna kinachofutika humo, Bibi, hata kikiondolewa kinabaki kumbukumbu. Akanisomea kwa sauti "mimi bibi yake Chiriku", halafu akaniuliza anayeitwa Chiriku ni nani. Chuo kizima kinaniita Chiriku. Yeye mwenyewe ananiita Chiriku.

Haamini kuwa sikuwatuma. Na mimi ningekuwa yeye nisingeamini. Amesema kwa sasa anahesabu ni mgeni tu aliyepita, lakini mkono wangu ukionekana humo hata mara moja, sura nzima ya tasnifu yangu inaondoka.

Niruhusuni niseme, mnisamehe baadaye. Niliwaeleza habari za mtu yeyote ili mjue nimekwama, si ili mwende kuhubiri. Mngeongeza herufi mbili kimyakimya, saa yangu ingesimama kihalali kwa mkono wa msomaji wa kawaida, mwalimu angebandua karatasi yake na mimi ningemaliza sura yangu. Njia moja tu ilikuwa wazi na ninyi mmeiziba kwa maneno. Sasa wageni hawaingii. Anayeweza kuingia ni mwenye akaunti ya siku nyingi, na katika watu wote mnaowajua duniani mwenye akaunti ya siku nyingi ni mmoja, aliyeifungua kwa ajili ya utafiti.

Mmefunga mlango, Bibi, na ufunguo mmenirushia mimi niliyekatazwa kuushika.

Leo siandiki zaidi.

Chiriku


26 Februari

Chiriku,

Umenikasirikia. Sawa. Mkasirikie mtu akufaaye, ukimkasirikia mgeni huna wa kupatana naye.

Kwa maneno mengi niliyoyaweka pale, nisamehe. Wifi alikuwa na haki, na unajua kulisema hilo mbele yake, huku analiandika kwa mwandiko mkubwa, kunanigharimu nini. Kwa kuingia, sikuombi msamaha.

Sitakuambia tena ufanye. Nimekulea mpaka ukaota akili, na akili ikishaota hairudishwi ndani. Nitakuambia nilichokiona leo, kisha nitanyamaza.

Nilipita nyuma ya shule saa za mapumziko. Watoto wanacheza. Mmoja anajitupa chini anatetemeka, mwingine anapiga kelele kijiko, kijiko, na wa tatu anakimbia kuleta kijiti anakiingiza mdomoni kwa aliyelala, wanacheka wote. Wanabadilishana zamu. Mwalimu amewafundisha vizuri, wamejua. Panzi amekaa kando kwenye kizingiti hachezi. Wewe unamjua Panzi. Mtoto ambaye hata akila anaruka, amekaa na magoti yameshikana, mkono umeziba mdomo pale palipokuwa na jino.

Nilimwita. Akaniangalia, asije.

Basi. Hicho ndicho nilichokiona.

Bibi yako


2 Machi

Shikamoo Bibi,

Nimeweka "si".

Niliingia kwa jina langu kamili. Nikaweka herufi mbili, nikataja na kitabu cha matibabu zilikotoka ili mlinzi asiziondoe, nikabonyeza. Ilichukua muda mfupi kuliko kuvaa kandambili. Hakuna kengele iliyolia. Mlinzi alipita, akatazama, akaniachia neno la shukrani. Alinishukuru kwa bidii, Bibi, na mimi kosa hilo nilikuwa nimelikalia karibu miaka miwili.

Kisha nikaenda kwa msimamizi mwenyewe, sikungoja aniite. Nilitaka apige kelele. Hakupiga. Aliuliza kama ni ukurasa huo tu au kuna na nyingine nilizozigusa. Nikamwambia ni huo tu. Akasema anataka kuniamini, tatizo ni kwamba sasa hakuna atakayeweza kuniamini, kwa kuwa mtu aliyesimamisha saa moja hana namna ya kuthibitisha kuwa hakusimamisha nyingine. Ameitoa sura yote. Itabidi nianze upya kwa makala nyingine, na kurudi nyumbani kunasogea mwaka mzima.

Nilikuwa nimejiandaa kujisikia mwema. Sijisikii. Nina hasira na aliyetafsiri, na mlinzi, na mwalimu wenu na heshima zake, na msimamizi kwa kuwa na haki, na ninyi wawili na hotuba yenu. Wenzangu wananipa pole kana kwamba nimefiwa. Mwisho wa mwezi huu natakiwa kukabidhi lile jedwali likahifadhiwe kabatini, maana halina kazi tena. Kuna makosa mengi humo, Bibi, mengine ya dawa, mengine ya maji ya kunywa, mengine ya homa za watoto wachanga. Nilikuwa nayajua kwa namba zake kama mchungaji anavyojua mbuzi. Sasa ni karatasi tu.

Mwambieni mwalimu afungue Kamusi.

Chiriku


9 Machi

Mjukuu wangu,

Mwalimu alifungua Kamusi mbele yangu, akasoma, akasoma tena, akasema kumbe wamesahihisha. Wamesahihisha, anasema, kama mvua iliyonyesha yenyewe. Akaibandua karatasi, akabandika mpya, kijiko akakitia mfukoni. Hakusema nilikuwa na haki. Nilisimama pale makusudi nikimngoja aseme, mpaka wifi akaniambia twende, utaota mizizi.

Juzi Panzi akaanguka tena, darasani. Nimeyasikia kwa mama mpishi wa shule aliyekuwepo. Mwalimu alisogeza madawati, akamlaza ubavu, akakunja sweta lake akamwekea chini ya kichwa, akawatoa watoto nje akakaa naye sakafuni. Kilipopita Panzi aliamka akauliza kwa nini kila mtu anamtazama, na nani amekalia kamba yake.

Mama yake bado hanisalimii. Nilifikiri kumweleza ni nani aliyeweka hizo herufi na zimemgharimu nini, nikaona hapana. Atasema kwanza alizitoa nani, na tutarudi kulekule. Aendelee kuninunia. Mdomo ni wake, na jino la mwanawe halitaota tena.

Sasa wewe. Kama unangoja nikusifu, utangoja sana. Mtoto wa watu ulimwona ukingoni, ukamtoa baada ya kutazama. Hilo halina sherehe. Lakini nimelia kwa ajili ya huo mwaka wako. Nilikuwa nimeshafua shuka za kitanda chako na wifi ameshapaka rangi dirisha, ameipaka vibaya. Nina furaha na nina uchungu, vimekaa kifua kimoja vinasukumana viwiko, wala sitaki kimoja kimtoe mwenzake.

Msimamizi wako nimemfikiria. Nilitaka kumchukia na imenishinda. Mtu anayesema tungoje tuwaokoe wengi, si mwongo. Ila mwambie wengi hao huanguka mmoja mmoja.

Kisha nikamwambia wifi anisomee tena pale mwishoni mwa barua yako. Ya dawa, ya maji ya kunywa, ya homa za watoto wachanga. Nikamwambia rudia. Nikauliza hilo jedwali lilikatazwa kuguswa kwa sababu gani? Akasema kwa sababu ya saa. Na saa si zimeshatupwa? Akasema zimeshatupwa. Na sura si imeshaondolewa? Akasema imeondolewa. Na mwaka si umeshakwenda? Hapo wifi akaweka kalamu chini akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe na kaka yake akaniambia sema yote.

Chiriku, hao wengine wote bado wako ukingoni, na wewe unawajua kwa namba, na hakuna tena anayekukataza. Unataka kuwafungia kabatini kwa sababu gani? Kwa kuwa una hasira? Hasira nzuri, ina mikono miwili. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge.

Hilo jedwali usilikabidhi kabla hujalimaliza. Kunywa chai, vuta hicho kiti kinachoyumba, anza na ya watoto wachanga. Kulia utalia ukishafika mwisho wa orodha, nami nitalia nawe.

Bibi yako